Amiri wa Safari Yetu

Ndugu msomaji, nina jambo la kukueleza, na jambo lenyewe halinipambi. Nalieleza kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu hufunga safari za namna hii kila mwaka, kwenda harusini, matangani na kwenye Idi. Na huenda baba mmoja akazinduka kwa kosa langu kabla hajalitenda lake.

Usiku mmoja wa Oktoba, 2018, kabla ya alfajiri, simu ililia nyumbani kwetu Shinyanga mjini. Baba mkwe amefariki dunia huko Geita, na maziko yatakuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mke wangu alijifuta machozi, akaanza kuwavika watoto. Walikuwa watatu: binti wa miaka tisa, nduguye wa miaka sita, na mdogo wao ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Huyo mdogo alikuwa akiharisha tangu jana yake. Mama yake akaniambia, “Baba watoto, tumbo la huyu halijatulia. Itatupasa kusimama mara nyingi njiani.” Nikamjibu kwamba maiti hangoji.

Njia yetu ilikuwa zaidi ya kilomita 200. Hutoka Shinyanga kwenda kaskazini, ukapita Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha Hungumalwa, Mabuki na Misungwi, hata Usagara, ambapo huiacha barabara ya Mwanza na kushika ya Kigongo. Hapo Kigongo, siku zile, palikuwa na kivuko cha kuvukia Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi, na aliyekuta foleni alingoja. Ndipo Sengerema, na mwisho Geita, nchi ya dhahabu.

Motokaa ya kuazima ilitufikia saa mbili asubuhi. Nikapiga hesabu ya saa zilizobaki, nikaona kila kusimama ni kumwibia marehemu. Basi nikatoa amri ambayo hata leo naionea haya: watoto wasinywe maji ila funda moja moja, ili wasiombe kuteremka kwa haja.

Aijuaye Shinyanga ataelewa uzito wa amri hiyo. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, jua huwa kali na vumbi ni jingi. Nchi hii iliwahi kupungukiwa miti mno, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao uliihuisha desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, nyasi na miti ipate kuota tena. Kwa hiyo vivuli vya kupumzikia vipo. Mimi nilivipita vyote.

Tulipopita Maganzo mtoto aliomba maji, akapewa funda. Karibu na Hungumalwa alitapika. Nikasema tutasimama mji ujao. Mji ujao ukafika, nikasema ule unaofuata. Tulipoikaribia Mabuki, binti yetu aliuliza kutoka nyuma, “Baba, mbona mdogo wangu analia bila machozi?”

Mama yake akamtazama vema. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamezama, na tangu tuondoke nyumbani nguo yake haikulowa. Akasema, bila ugomvi, “Simamisha mahali penye tabibu.” Nikamwuliza, “Na maziko ya baba?” Akanijibu, “Baba amekwisha fika. Huyu bado yu safarini.”

Misungwi tukapata matibabu. Tabibu aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, akaona yarudi polepole. Akatoa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, akamwagiza mama amnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, angoje dakika kumi, kisha aanze tena taratibu. Mimi aliniuliza neno moja tu: “Mlikuwa na maji garini?” Nikasema, “Tulikuwa nayo.” Hakuniuliza tena.

Adhuhuri ilipoingia, simu ilikuja kutoka Geita: hawawezi kungoja zaidi. Basi wakati baba yake akiteremshwa kaburini, mke wangu alikuwa amekaa juu ya benchi, kijiko mkononi, akihesabu vijiko. Karibu na alasiri mtoto akakojoa. Mama yake akamshukuru Mwenyezi Mungu. Ndipo akamlilia baba yake.

Pale bendini nilipata nafasi ya kutafakari niliyoyafanya. Sala ya maiti na maziko ni faradhi ya kutosheleza: wakiitekeleza baadhi ya Waislamu, wengine huondokewa na lawama. Geita walikuwapo wengi wa kumsalia na kumzika mzee wetu. Lakini mtoto aliyekuwa mikononi mwetu, ni nani mwingine ambaye angemnywesha maji kwa niaba yetu? Nilikuwa nimeikimbilia faradhi iliyokuwa na watu, nikaiacha ile isiyokuwa na mtu ila mimi. Na jambo baya zaidi, niliifanya haraka yangu ionekane kuwa ni dini.

Tulifika Geita usiku. Nilimwogopa mama mkwe kuliko giza la njiani, kwani nilijua kuwa nimemkosesha binti yake maziko ya baba yake. Alikuwa amekwisha anza eda. Alinyosha mikono akampokea mjukuu wake, akamgusa paji la uso, akasema, “Kaburi la babu yake halihami.” Asubuhi nilikwenda kumsalia marehemu kaburini, kama Mtume (s.a.w.) alivyomsalia yule aliyekuwa akifagia msikiti, alipopata habari ya kifo chake baada ya kuzikwa.

Ndugu msomaji, Mtume alituelekeza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamweke mmoja wao kuwa amiri. Siku ile nilijihesabu amiri kwa kuwa nimeshika usukani. Kumbe yeye mwenyewe, aliye mbora wa viongozi, alikuwa akibaki nyuma ya msafara ili amsaidie aliye dhaifu. Na alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala, nguzo ya dini, ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, je, motokaa haiwezi kusimama kwa kilio hicho hicho? Tena Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri rakaa nne zikawa mbili. Aliyepunguziwa sala, mbona yeye hataki kupunguza mwendo?

Tangu Juni 2025 magari hayangoji tena kivuko pale Kigongo. Lipo Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, na maji yale huvukwa kwa dakika chache. Walakini daraja limeifupisha njia, halikuufupisha utoto. Mtoto wa leo huona kiu kama yule wa 2018.

Desemba ya mwaka huo huo, shule zilipofungwa, tulikwenda tena kwa bibi yao. Mgonjwa wetu wa zamani sasa alikuwa na miaka minane, na nyuma yake amekuja mwingine wa miaka mitatu. Tuliondoka baada ya alfajiri, jua halijapanda. Watoto walikaa nyuma na mikanda yao, wala hapana aliyepakatwa kiti cha mbele. Maji yalikuwa ya kutosha, na kila mtu alikunywa apendavyo. Mama yao alichukua matobolwa ya kutafuna, na pakiti za dawa ile ya Misungwi. Asiye na pakiti atie katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na mtoto akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali upesi.

Tulisimama kila baada ya saa mbili, na kabla ya hapo kwa kila aliyeomba. Hatukumwacha mtoto ndani ya motokaa iliyofungwa juani, hata kwa muda wa kununua mkate. Na tulipoingia nchi ya dhahabu hatukuwaachia kutangatanga vichakani, maana kule yapo mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, na madimbwi ya kuoshea mchanga wa dhahabu yaliyoingia zebaki, ambayo ni sumu.

Kabla ya kuondoka nyumbani tulisoma ile dua ya kupanda chombo iliyomo katika Sura Az-Zukhruf, ambayo humkumbusha msafiri kuwa marejeo yake ni kwa Mola wake. Kisha nikawauliza watoto, “Nani amiri wetu leo?” Yule wa miaka minane, asiyekumbuka lolote la Misungwi, akamwonyesha mdogo wake kwa kidole.

Tulipofika Hungumalwa, amiri alitaka kuteremka ili atazame mbuzi. Tukateremka sote.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, wakubwa kwa wadogo. Amin.