Muungurumo Nilioukata

Wanaokaa viti vya mbele kanisani kwetu, hapa Nyahanga, wanaujua muungurumo ule. Mchungaji anasema tuombe kimyakimya, kanisa zima linatulia, na kwenye kona ya vyombo kitu kinalia mmmm, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniita pembeni akaniuliza kama nimeliombea gitaa lile. Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaliombea mara mbili.

Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na mwendo huo ndio unaosikika kwenye spika. Uko karibu sana na noti ya G. Kwaya ikiimba katika G hakuna anayeugundua. Ikihamia A, unajitokeza peke yake kama ng'ombe aliyeachwa nyuma na kundi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namwomba mwalimu wa kwaya tuimbe nyimbo nyingi katika G, nikisingizia sauti za kina mama. Hapo ndipo nilipoanza kuficha, ingawa sikuliona hivyo.

Kuutafuta niliutafuta. Nilipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi sifuri. Muungurumo haukupungua, nikajua haukutoka kwenye gitaa. Lingekuwa gitaa, ungebadilika kila nikigeuka, maana sumaku zangu ni za koili moja moja na hizo hudaka kila kitu, hadi taa za tyubu. (Seth Lover wa Gibson alilitatua hilo mwaka 1955 kwa kuunganisha koili mbili zilizosukwa kinyume, kelele ya moja ikaua ya nyingine. Gitaa la namna hiyo nilikuwa nalitazama dukani tu.) Nikabadilisha waya wa gitaa. Nikatenganisha nyaya za sauti na nyaya za umeme. Hakuna. Mwishowe nikachomoa ule waya unaotoka kwenye amplifaya yangu kwenda kwenye mikisa, na kanisa likawa kimya kabisa. Nikaurudisha, nyuki wakarudi.

Leo najua maana yake. Amplifaya ilichomekwa ukuta wa kushoto, mikisa ukuta wa kulia, kila kimoja na waya wake wa ardhi, halafu waya wa sauti ukaviunganisha. Ukawa mzunguko, na umeme mdogo ukawa unazunguka humo ukilia. Dawa ilikuwa ekstensheni moja nzuri, vyombo vyote vile chakula sahani moja. Ekstensheni nzuri ni hela, na mimi niliona njia fupi. Nilifungua plagi ya amplifaya, nikalegeza skrubu, nikautoa ule waya wa kijani wenye mstari wa njano, nikaukunja, nikafunga plagi. Kimya. Jumapili ile mchungaji alinishukuru mbele ya watu, na vijana watatu wa makanisa ya jirani wakaja kuniuliza nimefanyaje. Niliwafundisha.

Ikapita karibu miezi saba. Mwezi wa nane tukafanya mkutano wa injili kwenye uwanja wa upande wa barabara ya Kakola. Vyombo vilipakiwa kwenye guta, vikarushwa na mashimo njia nzima. Umeme tuliuvuta kutoka nyumba ya muumini jirani. Siku hiyo sikuunganisha amplifaya na mikisa. Niliweka maiki mbele ya spika yake, maana uwanjani husikika vizuri zaidi. Wakati wa kujaribu vyombo midomo yangu iligusa maiki ya kuimbia na nikasikia kama kuumwa na siafu. Nilivaa raba, nimesimama kwenye zulia juu ya mbao. Nilijisemea ni kawaida.

Binti wa kwaya yetu aliyekuwa na zamu ya kuongoza wimbo alipanda jukwaani jioni hiyo miguu mitupu. Mkono mmoja ameshika maiki. Katikati ya ubeti wa pili alirudi nyuma kupisha wacheza, akaweka mkono wa pili kwenye kona ya chuma ya amplifaya yangu.

Alipiga kelele moja, akaanguka. Maiki ilichomoka mkononi mwake.

Na uwanja mzima ukashangilia. Wapendwa, tunajua jinsi mikutano ilivyo: mtu akianguka, wengine wanasema ni Roho, wengine wanasema ni pepo. Kina mama walimzunguka kwa maombi. Mhubiri alisema nguvu za Mungu ziko mahali pale. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, nikachomoa plagi kwa mguu, nikaendelea kushika gitaa ambalo halilii tena. Sikusema neno. Alizinduka, akalia, akapelekwa nyumbani, kiganja kina alama nyekundu kama ya pasi.

Jumapili akatoa ushuhuda. Alisema aliguswa na Mungu kwa namna ambayo hajawahi kuguswa. Watu wakaitika Amina, nami midomo yangu ikaitika. Nilimkumbuka Akani aliyefukia vitu chini ya hema lake wakati Israeli yote inatafuta kosa liko wapi. Mimi hema langu lilikuwa plagi.

Siku nne baadaye nilimpelekea amplifaya fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi za umeme mgodini. Alipoifungua alinionyesha waya wa moto uliochubuka, umelala juu ya bodi. Kisha akafungua plagi. Alinitazama muda mrefu. Akanieleza polepole: waya wa ardhi ungekuwapo, siku ile fyuzi ingekatika na tungekosa gitaa tu, basi. Kumbe miezi yote ile amplifaya ilikuwa inaipata ardhi kwa mlango wa nyuma, kupitia ule waya mwembamba wa kwenda kwenye mikisa. Nilipouacha siku ya mkutano, chuma chote kikabaki na moto, kinangoja mtu mwenye maiki. Baadaye nilisoma habari za Les Harvey, mpiga gitaa wa Uskoti. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, aligusa maiki jukwaani na umeme ukamuua mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Nilifunga ukurasa, nikatoka nje kukaa.

Nilikwenda kwanza kwao. Mama yake anauza mchele, nilimkuta anapepeta. Nikawaeleza wote wawili, nikawaonyesha ile plagi, kwa sababu niliogopa nikieleza kwa maneno tu nitajipunguzia. Mama hakuacha kupepeta. Binti ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo kaka, siku ile Mungu hakunigusa?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta la uongo. Mama aliweka ungo chini. Alisema, "Umeme ndio uliokugusa, mwanangu. Mungu amekuacha hai ili uulize." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, wale uliowafundisha umeshawaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Usiku ule nilipiga simu kwa wawili. Wa tatu hakupatikana. Mchungaji aliponisikiliza alisema hiyo ndiyo sababu nitasimama mbele Jumapili: yule wa tatu ana ndugu katika kanisa letu, habari zitamfikia. Nilisimama. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba hakuna aliyesema Amina. Kijana wa tatu alikuja Jumanne na plagi yake mfukoni.

Kanisa lilichanga, tukanunua ekstensheni. Fundi alipiga nondo mpya ya ardhi nyuma ya jengo, na kiangazi kikikaza tunaimwagia ndoo ya maji, kwa kuwa udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Muungurumo umepungua sana, haujaisha. Gitaa ni lile lile la koili moja moja, na kwenye maombi ya kimya bado mnalisikia kidogo kama mmekaa mbele.

Binti yule anaimba bado. Kabla ya kupokea maiki huniangalia na kuuliza, "Kaka, umepima?" Nami namwonyesha testa.