Tulimnyima Maji, Kumbe Tulikosea

Wasee, leo tuongee kitu tunachokificha: mtoto wa shule kujikojolea mchana.

Mdogo wangu ana miaka 7. Kila siku anarudi shati nje, anaficha suruali iliyolowa. Hooyo anagomba. Mimi nikajifanya mjanja, nikamnyima maji asubuhi. Balambala hii, na jua hili! Walahi, bado najuta.

Nesi alitusikiliza, kisha akauliza: "Choo kikubwa anapata kila siku?" Tukaangaliana. Hakuna aliyejua. Akatuambia choo kigumu hukandamiza kibofu, na mkojo mzito huwasha kibofu. Yaani kumnyima maji kulikuwa kunaongeza shida.

Tulipomuuliza dogo polepole, akasema choo cha shule mlango haufungi. Basi anabana hadi inamshinda.

Sasa anakunywa maji kuanzia asubuhi, anakula papai, na anaenda chooni kila baada ya saa 2 au 3, hata kama hajabanwa. Mwalimu anamruhusu bila maswali, na rafiki anamshikia mlango. Kwa begi kuna suruali ya akiba. Mtoto wako akisikia mkojo unachoma, akipata homa, au akianza kuwa na kiu isiyoisha, usingoje, mpeleke hospitali.

Viboko shuleni vilikatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Nyumbani je, bado tunamchapa mtu kwa kitu asichokusudia?

Jana suruali ya akiba ilirudi ikiwa imekunjwa vilevile. Hatukusema kitu. Alicheka tu, akakimbia kucheza mpira.