Mkono Utetemao

Mtu hujifunza mengi kwa kujaribu, lakini si kila jaribio hupima jambo lililokusudiwa. Ukweli huu niliufahamu kwa kuchelewa, nilipokuwa nikishughulika na kamusi ndogo ya istilahi za fasihi ambayo mimi na kijana mmoja, mtunga programu, tuliwaandalia wanafunzi wetu waisome katika tovuti.

Juu ya ukurasa wa kamusi hiyo palikuwa na vichwa vitano. Msomaji alipopeleka mshale wa kipanya juu ya kichwa kimoja na kuutuliza hapo, pasipo kubofya, orodha ya istilahi ilifunguka chini yake. Alipouondoa mshale, orodha ilifungika. Lilikuwa jambo zuri kwa macho, nami nililipenda.

Kila tulipobadili kitu, kivinjari kiliendeshwa na programu badala ya mtu ili tujue kama pameharibika mahali. Tulitumia Selenium, chombo kilichoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks, Chicago. Chombo hicho hakikubali kubofya kisichoonekana. Kijana alipokiamuru kibofye istilahi iliyokuwa ndani ya orodha iliyofungika, kilikataa. Alipochoka kukataliwa alishika njia ya mkato: aliandika amri ya JavaScript iliyoibofya istilahi ile ile mafichoni mwake. Jaribio likafaulu. Aliniuliza kama yatosha, nikajibu kuwa yatosha. Kosa lake lilikuwa la uchovu. Langu lilikuwa la kuidhinisha nisilolichungua.

Siku chache baadaye alinijia mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyerudi masomoni uzeeni. Nilimwamkia shikamoo, maana umri hautanguliwi na shahada. Aliitika marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Kamusi yenu nimeiacha. Mkono wangu hauiwezi."

Nilimwomba anionyeshe. Mkono wake ulitetemeka. Alifikisha mshale juu ya kichwa, orodha ikafunguka. Alipoushusha polepole kuifuata, orodha ikafungika kabla hajaifikia. Alirudia mara nne, kisha akauondoa mkono mezani akauficha mapajani. Aibu ilikuwa yangu, naye ndiye aliyeibeba.

Kati ya kichwa na orodha palikuwa na pengo la pikseli chache. Mkono mwepesi uliliruka bila kujua. Mkono wa mzee ulinaswa humo. Jaribio letu halikuliona kwa sababu halikupita njia hiyo kabisa.

Tulianza upya. Selenium ina namna ya kuusogeza mshale wenyewe. Hatua hupangwa kwanza, kisha hutekelezwa kwa amri ya mwisho, na mwenye kusahau amri hiyo hupanga safari asiyoianza. Faida yake ni kwamba kivinjari huupokea mwendo huo kana kwamba umetoka katika kipanya. JavaScript yaweza kutangaza kuwa mshale umefika, lakini kanuni za CSS zinazofungua orodha hazidanganyiki kwa tangazo hilo.

Hata hivyo, kwenda kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya istilahi hakukutosha, kwa kuwa safari hiyo nayo yaweza kuruka pengo. Tuliuamuru mshale usimame penye pengo lenyewe. Jaribio likaanguka papo hapo, nami nilifurahi kuliko siku lilipofaulu. Ndipo tukaziba pengo, na tukaifanya orodha ifunguke pia kwa kibodi na kwa kuguswa, maana kidole juu ya simu hakina mshale wa kutuliza.

Miongozo ya W3C kuhusu ufikivu wa tovuti, toleo la 2.1 la mwaka 2018, ilikwisha kuagiza kwamba kinachofunguka kwa kutuliza mshale kisitoweke mshale unapopelekwa juu yake. Basi hatukukosa elimu. Tulikosa subira ya kutembea mwendo wa mwenzetu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi tulikuwa tumemtuma mtumishi asiyelala akakilalie, kisha tukaamini ushahidi wake.

Mzee alipoketi tena mbele ya kioo, mkono wake ulitetemeka vile vile. Orodha ilimngoja. Alichagua istilahi moja, akaisoma hadi mwisho, na mkono wake ukabaki juu ya meza.