Kamera Mpya na Macho ya Bibi



Wiki hii, tulipokuwa tukipanga upya kabati la ofisi ya parokia, tumekutana na ile kamera ndogo ya dijitali tuliyoinunua mwaka 2006. Wengi wenu mnaikumbuka. Kabla yake tulitumia kamera ya mkanda, yenye flashi kubwa iliyofungwa juu. Picha zikitimia 36 tuliupeleka mkanda Mwanza kusafishwa, na watoto wa Komunyo ya Kwanza walisubiri majuma kadhaa kujiona.

Katika kuchagua tulijiona werevu. Tulilinganisha megapikseli, 5 kwa 7, kana kwamba tunapima pamba kwenye mizani, ingawa picha ya sentimita 10 kwa 15 hutosheka na 3. Tuliuliza habari za betri, kwa kuwa umeme ulikuwa haujatufikia, tukapata inayotumia betri za duka lolote. Juu ya flashi hatukuuliza hata neno moja.

Katika kamera ndogo flashi hukaa karibu mno na lenzi, na simu nyingi za leo ni hivyohivyo. Penye giza mboni hupanuka, mwanga huingia moja kwa moja hadi nyuma ya jicho penye mishipa ya damu, nao huirudia lenzi ukiwa mwekundu. Kwingineko jambo hilo huchekesha. Hapa kwetu, kati ya Kahama na Geita, si la kucheka. Sote twajua habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao, yaliyochomwa na moshi wa jikoni maisha yao yote, yalisemwa kuwa ya kichawi.

Tuliwapiga picha akina mama wazee wa WAWATA jioni, ndani ya kanisa, tukaibandika ubaoni. Siku ya tatu bibi mmoja alifika ofisini na mkongojo wake, akakataa kiti.

"Baba Paroko, naomba uniondoe pale ubaoni kabla ya Jumapili."

Katekista akaanza kumweleza habari ya flashi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo utawaeleza wakija usiku?"

Tuliiondoa saa ileile. Lakini nakala 9 zilikuwa zimekwisha kuuzwa, tena na sisi wenyewe, kwa ajili ya mfuko wa ujenzi. Tulizunguka katika jumuiya ndogondogo kuziomba. (Twaona haya kukiri kwamba Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumehubiri juu ya kibanzi na boriti.) Tulizipata 8. Ya 9 alikuwa nayo mjukuu wake, mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, naye alikataa kuirudisha: hakuwa na picha nyingine ya bibi aliyemlea.

Basi tukamketisha bibi kwenye ngazi za kanisa saa 2 asubuhi, flashi tukaizima, tukampiga picha kwa mwanga wa jua. Alitaka aione kwanza kwenye kioo cha kamera, jambo ambalo mkanda usingeliweza kamwe. Akaisogeza karibu na uso, akayatazama macho yake kwa muda mrefu, moja baada ya jingine.

"Hii mpelekeeni," alisema.

Mjukuu alipoipokea, aliirudisha ile ya kwanza kwa mkono wa kondakta wa basi, ndani ya bahasha iliyofungwa.