Ploti Moja, Mwaka Mmoja London

Kitengela mgeni haulizwi jina kabla ya kuulizwa ploti. Ukishuka matatu ya 110 ukaonekana unatazamatazama, dalali atakufikia kabla hujavuka barabara ya Namanga: hamsini kwa mia, hati iko tayari, stima imefika, kisima kinachimbwa. Mji wenyewe ni zao la mazungumzo hayo. Wazee bado huuita Noonkopir, na wanazikumbuka nyanda za Athi-Kapiti zilipokuwa njia ya nyumbu waliotoka mbuga ya Nairobi msimu wa mvua kutafuta malisho. Kisha ranchi ya pamoja ikagawanywa miaka ya 1980, Athi River ikapata eneo maalumu la viwanda mwaka 1990, wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kupanga, na nyumbu wakaanza kugonga nyua za seng'enge.

Kwenye mji kama huo, kusema unakwenda Uingereza kusomea historia ni kuwapa watu kichekesho. Uuguzi wangeelewa. Kompyuta wangeelewa zaidi. Baba mdogo, ambaye ni dalali na hana aibu nalo, aliniuliza mbele ya wageni: “Historia ya nini? Vasco da Gama si ulimmaliza shule ya msingi?” Nilinyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekubali kututafutia mnunuzi.

Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo cha SOAS, London, kuanzia Septemba 2023, pamoja na ufadhili wa karo peke yake. Nauli, viza na chakula vilikuwa juu yetu. Kanuni za viza za mwaka ule zilimtaka mwanafunzi wa London aonyeshe pauni 1,334 kwa kila mwezi, kwa miezi 9. Hiyo ni pauni 12,006, na kwa shilingi yetu ilivyokuwa ikianguka, zilikuwa zimepita milioni 2. Tena zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo.

Zamani jambo hili lingetatuliwa zizini. Molonket ole Sempele, Mmaasai wa kwanza tunayemjua kwenda kusoma Marekani, aliuza mifugo yake mwaka 1909 akalipa nauli, akaondoka na wamisionari hadi Virginia. Lakini sisi tulikuwa tunatoka kwenye ukame ulioanza 2020, ukame ulioua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Ng'ombe wa baba waliobaki walikuwa mbavu tupu. Ukimpeleka mmoja soko la Ilbissil, bei utakayopewa ni ya ngozi. Kilichobaki na thamani ni ardhi. Baba akakata ploti kutoka kipande chetu cha upande wa Isinya, akasema hataki majadiliano.

Mnunuzi alikuwa mwalimu kutoka Machakos, mtu makini, naye alitaka sachi ifanywe mbele ya macho yake. Tukaenda naye Kajiado mjini, kilomita zipatazo 50 kwa barabara ileile ya Namanga, tukapanga foleni katika ofisi ya ardhi pamoja na wengine waliobeba bahasha za kaki. Foleni ile ningependa baba mdogo aitazame vizuri. Wote waliokuwamo walikuwa wamefuata jambo moja: nani alikuwa na kipande hiki kabla ya huyu, alikipataje, na nani mwingine anakidai. Hayo ni maswali ya mwanahistoria, na hapo yanalipiwa ada na kugongwa muhuri, wala hakuna anayecheka.

Karani akaitoa kadi ya kijani. Mstari wa juu ulikuwa wa wawakilishi wa ranchi ya pamoja, wa pili wa babu, wa tatu wa baba. Nikamuuliza karani, “Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo nini?”

“Kabla ya ranchi. Ilikuwa ya nani?”

Alinitazama kama mtu anayepotezewa muda, na kweli foleni ilikuwa ndefu. “Dada, rekodi inaanzia hapo.”

Kikao cha bodi ya ardhi kilikuwa kifupi lakini kilitutoa jasho, maana sheria inataka mke akubali naye, na mama hakuwa mtu wa kukubali kimyakimya. Mwenyekiti alimuuliza kama ameshurutishwa. Mama akasema la. Akaulizwa kwa nini familia inauza. “Mtoto anakwenda kusoma Uingereza, mheshimiwa.” Kusoma nini? “Historia.” Historia ya nani? Mama akajifunga leso vizuri kabla ya kujibu: “Yetu.” Wajumbe wakacheka. Mzee mmoja akauliza kwa nini Waingereza ndio waifundishe. Mama akamwambia hilo ndilo ninalokwenda kuuliza. Idhini ikatolewa.

Mambo ya viza sitayaeleza yote. Aliyeyapitia anayajua, na asiyeyapitia ataona natia chumvi. Kuna kupigwa picha ya kifua Nairobi ili ithibitishwe kwamba huna kifua kikuu. Kuna alama za vidole. Kuna fomu inayokuuliza, kwa utulivu kabisa, kama umewahi kushiriki uhalifu wa kivita. Majirani nao walikuwa na wasiwasi wao, kwa kuwa mwaka huo magazeti yalikuwa yamejaa habari za wazazi wa Uasin Gishu waliotoa pesa watoto wao waende Finland na Kanada wasiende. Kila jioni aliingia mtu kumuuliza baba kama ameiona barua ya chuo kwa macho yake. Na katika zile siku 28 ndama aliugua. Baba aliijua pesa iliko, na alijua haiguswi. Akakopa dawa dukani.

Siku ya kuondoka tulipakia gari la jirani, watu wengi kuliko viti. Koko, mama yake baba, alinitemea mate ya baraka kiganjani na kunitia shuka nyekundu kwenye mkoba wa mkononi, akisema shangazi zangu wananidanganya kuhusu hiyo baridi, ni kali kuliko wanavyosema. (Shangazi zangu hawajawahi kufika Uingereza, na Koko vilevile.) Kutoka Kitengela hadi uwanja wa Jomo Kenyatta si mbali: Athi River, Mlolongo, malori, vumbi la saruji, umefika. Safari ya ndege yenyewe, zaidi ya saa 8, niliilala karibu yote. Sijui Jangwa la Sahara linafananaje kutoka juu.

Heathrow afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kusoma nini, nikamwambia, akasema “vizuri” na kugonga muhuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi wa nusu saa. Kutoka uwanjani kuna treni ya chini ya ardhi, njia ya Piccadilly, inayokwenda moja kwa moja hadi Russell Square, na chuo kiko hatua chache kutoka hapo. Nilivuta sanduku la kilo 23, lenye unga, majani ya chai na kamusi, juu ya lami iliyolowa, na jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa akiniuzia chochote.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1916 kuwafunza Waingereza lugha na desturi za watu waliokuwa wakiwatawala. Hakifichi asili hiyo, na ni vigumu kuificha ukiwa ndani ya maktaba yake, mahali ambapo miswada ya tenzi za Mombasa na Lamu iliyokusanywa na watu kama William Taylor na William Hichens imetunzwa vizuri mno. Mwendo mfupi kwa miguu kuelekea Aldwych kuna chuo cha LSE, ambako Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia kwa Bronisław Malinowski na kutoa kitabu chake juu ya Wagĩkũyũ mwaka 1938. Nilikwenda kulitazama jengo. Ni jengo tu. Lakini nilifurahi kukumbuka kwamba mtu ambaye sura yake ilikaa miaka mingi kwenye sarafu zetu hakusomea udaktari wala sheria.

Darasani nilipata mshtuko wa aina yake. Nimesoma shahada ya kwanza nyumbani, katika ukumbi wa watu mia kadhaa, mwalimu akisoma na sisi tukiandika. Hapa tulikuwa wachache kuzunguka meza, tumepewa kurasa nyingi za kusoma kabla, na mwalimu hakufundisha chochote kwa maana niliyoijua. Aliuliza: aliyeandika hati hii alikuwa nani, alikuwa akimwandikia nani, na alitaka huyo afanye nini? Kisha alinyamaza mpaka mtu aone aibu na kusema neno. Wiki za mwanzo niliona ni uvivu. Nilibadili mawazo tulipofika kwenye mafaili ya Hanslope Park.

Habari yenyewe ni hii. Makoloni yalipokuwa yakipata uhuru, maafisa waliokuwa wakiondoka walichoma sehemu ya nyaraka na kusafirisha nyingine kimyakimya hadi Uingereza. Nyaraka hizo zilikaa zimefichwa kwa miongo hadi wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, na mwaka 2011 ikabidi ikiri kwamba ipo shehena nzima huko Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Mjerumani aliyekaa karibu nami aliuliza kwa nini mafaili ya namna hiyo hayakuchomwa yote. Mimi nilikuwa nikimfikiria karani wa Kajiado. Rekodi inaanzia hapo, alisema, na kwa upande wake alisema kweli. Sikuwa nimewahi kujiuliza iliyotangulia ilikwenda wapi.

Basi siku ya kwanza isiyo na darasa nikapanda treni ya njia ya District hadi Kew, kwenye Nyaraka za Taifa. Wanakupa kadi ya msomaji, halafu wanakunyang'anya karibu kila kitu: koti, mkoba, chupa ya maji, kalamu ya wino. Unaingia na penseli na mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Nilikuwa nimeagiza mfululizo wa CO 533, barua za Wizara ya Makoloni kuhusu nchi iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki. Ikaja juzuu nzito, ikalazwa juu ya mto wa sponji kwa uangalifu ambao mimi mwenyewe sijawahi kufanyiwa hospitalini.

Nilisoma hadi macho yakauma. Gavana Percy Girouard anamwandikia waziri Lewis Harcourt. Makarani wa London wanajibizana pembezoni mwa barua, kila mmoja na herufi za jina lake, mmoja ana shaka, mwingine anamtuliza. Kiini cha yote ni mikataba miwili. Ule wa 1904 uliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa na kuwapeleka sehemu mbili, Laikipia na kusini, kwa ahadi ya kudumu muda wote watakaoishi kama taifa. Hata maili tano za mraba pale Kinangop ziliwekwa kando kwa ajili ya sherehe za tohara. Olonana, kiongozi wa Wamaasai, akafa Machi 1911. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa alama na mwanawe Seggi, kijana mdogo, na watu wapatao 10,000 wakaamriwa kuhama Laikipia kwenda kusini. Girouard alijiuzulu mwaka 1912 kwa jambo hilohilo. Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, na wenzake wakaenda mahakamani.

Koko amekuwa akituambia tangu utotoni kwamba baba yake alizaliwa Entorror na kutembea mpaka huku akiwa mtoto. Tulidhani Entorror ni mahali pa hadithi. Ni Laikipia. Ilikuwa mbele yangu, kwa taipu, na tarehe juu.

Kupiga picha kunaruhusiwa bila malipo. Nilipiga mpaka betri ikaisha, nikatoka nje kwenye bwawa lililo mbele ya jengo nikiwa na simu ya akiba na kumpigia baba. Kwao ilikuwa jioni, nasikia kengele za mbuzi. Nikamsimulia. Alitaka kwanza kujua Kinangop: zile maili tano zilirudishwa? Nikamwambia la. Basi kesi ya Ole Gilisho iliishaje? Nikamweleza kwamba mwaka 1913 mahakama iliitupa bila kusikiliza madai yenyewe, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya mataifa mawili. Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza, walihesabiwa kuwa nchi ya kigeni, na mahakama ya kawaida haina mamlaka juu ya mambo ya nchi na nchi.

“Subiri,” akasema baba. “Walituita nchi ya kigeni?”

“Ndiyo, baba.”

“Mahakamani?”

“Mahakamani. Na rufaa ikasema hivyohivyo, Desemba mwaka uleule.”

Nilimsikia akimweleza mama kwa Kimaa, na mama akipaza sauti. Kisha akarudi kwenye simu. “Wewe umetoa pauni elfu 12, kifua, vidole, na ndama wangu nusura afe. Sasa nitafutie humo ndani. Wao walipokuja kwetu, nani aliwapa viza?”

Swali hilo ndilo lililokuwa kichwa cha insha yangu ya kwanza ya muhula. Mwalimu aliipenda, ila pembeni, kwa penseli, aliandika kwamba aya ya tatu inahitaji ushahidi zaidi, na alitaka kujua kama ndama alipona.