Mgeni Aliyekula Chakula cha Mwenyeji

Sisi wakufunzi huwaambia wanachuo kila mwaka kwamba yampasa mwalimu atafute kwanza chanzo cha kosa, ndipo alisahihishe. Kanuni hiyo ni nyepesi kutamka, lakini ni nzito kutii. Katika makala haya twaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyoivunja mbele ya wanachuo wetu kijijini Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, na jinsi mmoja wao alivyoturudisha njiani.

Tulikuwa tumekwenda kuwasimamia katika mazoezi ya kufundisha. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu ya mkononi, yenye kumbukumbu kuu ya gigabaiti 4, na ndani yake zimo alama na rejista za shule. Ili watoto wajifunze bila kuziharibu, tuliweka programu ya VirtualBox, ambayo huunda kompyuta ndani ya kompyuta. Ile ya kweli huitwa mwenyeji; ile ya ndani, yaani mashine pepe, huitwa mgeni. Mgeni wetu alitumia mfumo wa Linux. Akiharibika, mwalimu humrudisha katika hali iliyohifadhiwa awali, na mwenyeji hadhuriki.

Somo lilihusu kasa, ambao hutaga mayai katika mchanga wa pwani hiyo. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa ameliandaa usiku. Lakini picha ya mgeni ilikuwa ndogo, nukta 800 kwa 600, katikati ya kioo chenye nukta 1366 kwa 768, na watoto wa nyuma hawakuweza kusoma. Tulipolivuta dirisha, dirisha lilipanuka. Picha ikabaki ile ile.

Hatukuuliza lolote. Tulijiambia kwamba picha ni ndogo kwa kuwa kumbukumbu ni ndogo. Tukaizima mashine pepe, kwa maana mipangilio hiyo haibadilishwi wakati inaendeshwa, tukaongeza kumbukumbu ya picha kutoka megabaiti 16 hadi 128, na kumbukumbu kuu ya mgeni kutoka gigabaiti 1 hadi 3. Tulipoiwasha, picha haikukua hata kidogo, ila kompyuta nzima ilizorota hata mshale wa kipanya ukakwama. Mgeni hana ghala lake; kumbukumbu zake zote mbili hutoka kwa mwenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikula hata mwenyeji akazimia.

Kengele ikalia. Nasi, kwa fedheha, tukamwambia yule mwanachuo mbele ya wenzake kwamba bila shaka alivuruga mipangilio usiku. Hakujibu neno.

Jioni alitujia na daftari. “Shikamoo, Mkufunzi,” alisema. “Samahani, naomba unitazamie hesabu hii.” Alikuwa ameandika: nukta 1366 mara 768 ni 1,049,088. Kila nukta huchukua baiti 4 kutunza rangi yake. Jumla ni baiti 4,196,352, yaani megabaiti 4 tu. Basi hata picha ya kukijaza kioo chote ilitoshea mara kadhaa katika zile megabaiti 16 za mwanzo. Njaa ya kumbukumbu haikuwapo.

Tulinyamaza kitambo. Kisha tukatafuta pamoja, na chanzo kikaonekana. Mgeni hakuwa na programu za kumwezesha kujua ukubwa wa dirisha alimowekwa, zile ambazo VirtualBox huziita Guest Additions. Sisi ndio tuliosahau kuzipakia. Tukazipakia, tukahakikisha kwamba kidhibiti cha picha kilichochaguliwa ni VMSVGA, kinachofaa wageni wa Linux, tukarudisha kumbukumbu kuu katika gigabaiti 1 na ile ya picha katika megabaiti 16. Tulipoiwasha upya, picha ilijaa kioo. Megabaiti nyingi zaidi za picha zingehitajika kama tungetumia vioo kadhaa, au michoro ya pande tatu. Sisi tulikuwa na picha ya kasa na maneno machache.

Asubuhi tulimwomba radhi mwanachuo huyo mbele ya wale wale waliosikia lawama. Kisha akafundisha somo lake, na watoto wa nyuma wakasoma.

Walimu wenzetu mnaojiandaa, mtakutana na jambo hili hata pasipo kompyuta. Mtoto asiyejua kuazima katika hesabu za kutoa hukosa zote kumi. Nasi humpa nyingine ishirini. Huko ni kuongeza kumbukumbu pale palipokosekana ufahamu, na kwa kufanya hivyo twamchosha mtoto bila kumponya. Basi pimeni kwanza mahitaji kwa hesabu. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, mpate kujua lipi limeleta mabadiliko. Sisi tulibadilisha mawili, na kama picha ingekua tusingejua sababu. Mwisho, kabla ya kumlaumu mwanafunzi, chunguzeni kazi ya mwalimu. Lawama iliyotamkwa hadharani haifutwi faraghani, na sisi twashukuru kwamba yule tuliyemwonea alirudi kwetu na daftari lake.