Muhogo Hautaki Haraka

Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda likamfaa mwingine.

Hapa Mbweni nina shamba dogo la mihogo. Mbegu yake nilipewa na mtu aliyekuwa akihama, wala sikumwuliza ni mihogo ya namna gani. Mwaka mmoja mvua zilikuwa haba, unga wa mahindi ukatuishia, na mama watoto alikuwa amesafiri kwenda kuuguza. Basi nikang'oa mihogo, nikaimenya, nikaitwanga mbichi, nikaianika jua la siku moja, nikasonga ugali. Tukala, mimi na watoto wangu wawili, kwa mchicha mtupu. Mdogo alilalamika ya kuwa ugali ni mchungu. Nikamkemea asichague chakula.

Haukupita muda mrefu, akashika kichwa, akatapika, na miguu ikamlegea hata asiweze kusimama. Mimi nami nikashikwa na kizunguzungu. Jirani akatupeleka hospitali, tukatibiwa. Usiku ule sikupata usingizi hata kidogo, nikihesabu pumzi za mwanangu mpaka alfajiri, alipofumbua macho na kuomba maji.

Tuliporudi, bibi mmoja wa mtaani alikuja kutupa pole. Nikamwamkia, akaitika, akauonja ule unga kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mwalimu," akasema, "kusoma kote huko, hukuambiwa ya kuwa muhogo mchungu hulowekwa?" Nikanyamaza kwa haya. Marehemu mama yangu alikuwa ameniambia, lakini mimi nilidhani ni desturi tu ya wazee.

Ndipo nikatafuta kujua sababu. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli, na ndani ya seli mna sehemu ziitwazo mitokondria, ambazo ni kama majiko. Chakula ndicho makaa, na oksijeni tuivutayo kwa pumzi ndiyo upepo. Vikikutana, seli hupata nguvu. Sasa, muhogo mchungu unapopondwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Sumu hiyo huingia katika majiko yale na kuzuia oksijeni isitumike. Makaa yapo, upepo upo, walakini moto hauwaki. Kumbe mtu aweza kushiba, na huku mwili wake unakosa nguvu kwa sababu ya kile kile alichokula!

Wengine yaliwapata makubwa kuliko yetu. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa uitwao konzo huko Kwango, katika nchi ya Kongo. Kwa lugha ya Wayaka jina hilo ni kusema miguu iliyofungwa. Miguu hukakamaa kwa ghafula, wala haiponi tena. Na wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Mwaka wa 1981 watu zaidi ya 1,000 waliugua katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Kwetu Tanzania ulitokea Tarime mwaka wa 1985, na Mtwara katika miaka ya 2002 na 2003. Njaa huwafanya watu wafupishe kazi ya kutengeneza muhogo, nao huula siku nyingi bila kitoweo.

Kitoweo nacho kina kazi yake. Samaki, nyama na maharagwe vina protini yenye salfa, na kwa hiyo salfa mwili huigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, kikatoka kwa mkojo. Mimi nilikosa mara mbili: sikuloweka, wala sikutafuta hata dagaa.

Basi, ndugu zangu, muhogo mchungu ulowekeni majini siku tatu au zaidi, mpaka ulainike, ndipo muuanike hata ukauke kabisa. Na kama unga una shaka, uchanganyeni na maji, mtandaze mwembamba juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, sumu itoke hewani. Kisha msonge siku ile ile.

Leo mwanangu anakimbia pwani na wenzake. Naye akiniambia ya kuwa chakula ni kichungu, simkemei tena, naonja kwanza.